Tangi Safi Lililoua Samaki Tisa

Sisi wa Elimu tukirudi kutoka BTP huwa na hadithi za aina mbili. Kuna za kuchekesha, tunazosimuliana kwenye korido za hosteli, na kuna zile ambazo mtu anakaa nazo kimya. Hii yangu ni ya aina ya pili. Nimekaa nayo mwaka mzima. Naiandika sasa kwa sababu ndani yake kuna kitu ambacho karibu wote tuliopita sekondari tumekichora, tumekipatia alama, na bado hatukijui.

Mazoezi ya kufundisha niliyafanyia nyumbani, wilaya ya Pangani. Mimi ni wa Mwera. Kwa wasiopajua, ukifika Pangani mjini unavuka mto kwa kivuko mpaka Bweni, halafu unashika njia ya kusini. Shule yenyewe siitaji, haina kosa. Nilipewa Baiolojia kidato cha pili, darasa la wanafunzi wengi na vitabu vichache, nikataka wawe na kitu hai cha kutazama badala ya michoro ya ubaoni. Nikaenda kwa fundi wa madirisha, akanipa vipande vya vioo vilivyobaki, tukaviunga kwa silikoni, likapatikana tangi la lita 40. Chini tukatandika kokoto. Nikaagiza Dar pampu ndogo ya hewa pamoja na chujio la sifongo, na jirani mwenye bwawa akatupa vifaranga 12 vya perege.

Kazi ya kuwalisha nilimkabidhi kijana mmoja mkimya wa benchi la nyuma. Alikuwa wa kwanza kufika kila asubuhi. Kila maji yalipoonekana na rangi alitoa ndoo moja na kutia nyingine ya kisima, na wiki tano zikapita salama. Samaki wakakua, sifongo ikawa na utelezi wa kahawia, kokoto zikapata vumbi la kinyesi. Mimi nikaona uchafu.

Wiki ya sita nikapewa taarifa kwamba msimamizi kutoka chuoni anakuja kunikagua. Jumamosi nikajifungia na lile tangi. Nikamwaga maji yote, nikasugua vioo, nikaosha kokoto na kuzianika juani, na sifongo nikaikamua chini ya bomba mpaka ikarudi nyeupe kama ilivyotoka dukani. Nikajaza maji ya bomba yanayong'aa, nikarudisha samaki. Nikamwagiza kijana awaongezee chakula, vijiko viwili badala ya kimoja, ili siku ya ugeni wachangamke.

Walichangamka. Msimamizi akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, nikapata alama nzuri. Jumatano samaki walikuwa juu ya maji wanahema. Alhamisi asubuhi tisa walikuwa wanaelea.

Nilifanya nini? Nikatafuta mkosaji. Maji masafi, tangi safi, kwa hiyo lazima ni mlishaji. Nikamwita mbele ya darasa, nikamwambia amemwaga chakula hovyo, nikampa adhabu ya kufyeka na kumnyang'anya kazi. Hakubisha. Wenzake wakampa jina la Sangara, yule samaki wa Ziwa Victoria anayemeza wenzake, na mpaka naondoka pale jina lilikuwa limemganda.

Sasa tuje kwenye kilichotokea kweli.

Samaki hakojoi tatizo lake kama sisi. Mwili wa binadamu hugeuza naitrojeni ya chakula kuwa urea, ikasubiri kwenye kibofu. Samaki anatoa amonia moja kwa moja, na sehemu kubwa inapitia kwenye matamvua anapopumua. Hata asipoenda haja, kule kuwa hai kwake tu kunatia amonia ndani ya maji. Ukiongeza kinyesi na chakula kilichobaki, ambavyo vikioza hutoa amonia nyingine, unapata tangi ambalo linajitia sumu lenyewe kila saa. Mtoni au baharini haionekani kwa sababu maji ni mengi mno. Kwenye lita 40 hakuna pa kukimbilia.

Kinachowaokoa ni bakteria. Kundi la kwanza, maarufu kwa jina la Nitrosomonas, huchukua amonia na kuifanya naitraiti. Kundi la pili huichukua naitraiti na kuifanya naitreti, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Madesa yetu ya sekondari yalisema kundi la pili ni Nitrobacter, nasi tukakariri. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba kwenye matangi ya samaki wa maji baridi kazi hiyo inafanywa zaidi na Nitrospira. Halafu mwaka 2015 likaja kubwa zaidi: timu mbili za watafiti zilitangaza kwa pamoja kwamba wapo Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao, kuanzia amonia mpaka naitreti. Timu moja, ya Uholanzi, iliwapata kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki. Tangu Sergei Winogradsky alipowatenga bakteria wa aina hii kule Zurich miaka ya 1890, sayansi iliamini lazima kazi igawanywe kwa makundi mawili. Zaidi ya karne moja! Jibu lilikuwa kwenye utelezi wa chujio la samaki, utelezi uleule ambao mimi niliukamua chini ya bomba.

Nafikiri kosa letu linaanzia kwenye mchoro. Mzunguko wa naitrojeni tuliochora ulikuwa na ng'ombe, maharage, radi na mishale. Hakuna aliyetuambia kwamba mishale ile ni viumbe, kwamba wanaishi mahali, wanahitaji kula na kupumua, na wanaweza kuuawa Jumamosi mchana na mtu mwenye nia nzuri.

Wanaishi wapi? Wengi wetu tunadhani wanaelea kwenye maji. Wapo wachache humo, lakini kundi kubwa limejishikiza kwenye vitu: kokoto, vioo, mizizi, na zaidi ya yote sifongo, kwa sababu maji yenye hewa yanapita hapo muda wote na ndani yake kuna vitobo visivyohesabika vya kujibanza. Kwa hiyo unaweza kubadilisha maji mengi bila kuwapoteza, na unaweza kuwapoteza wote bila kugusa maji. Mimi nilifanya yote mawili. Kule kukamua kuliwatoa, klorini ya bomba ikawapiga waliobaki, na jua likamalizia wa kwenye kokoto.

Jambo la pili ni kasi yao. Bakteria wa tumboni kama E. koli akipata mazingira mazuri anajigawa kila dakika 20. Hawa wa kwenye chujio huchukua nusu siku, siku nzima au zaidi kujigawa mara moja. Ndiyo maana tangi jipya linahitaji wiki nne mpaka sita kukomaa. Kwanza amonia hupanda, kisha kundi la kwanza likiongezeka inashuka, naitraiti nayo inapanda, halafu kundi la pili likishakua na yenyewe inashuka. Wiki tano zile za kijana wangu na ndoo yake ya kisima ndizo zilizolivusha tangi kwenye kipindi hicho. Alikuwa anapunguza sumu kidogo kidogo huku bakteria wanajenga. Wala hakujua, wala mimi sikujua.

Tupige hesabu, maana mimi niliipiga baadaye sana, nikiwa nimekaa maktaba na ilipaswa niwe napiga msuli wa somo jingine. Chakula cha samaki chenye protini asilimia 30, ukilisha gramu 3 kwa siku, kinazalisha takriban gramu 0.08 za amonia. Igawe kwa lita 40, unapata kama miligramu 2 kwa kila lita, kwa siku moja. Bakteria wakiwepo inaliwa yote. Wasipokuwepo inajumlishana: Jumapili 2, Jumatatu 4, Jumanne 6, Jumatano 8, Alhamisi 10. Na hiyo ni kwa gramu 3. Mimi niliagiza viwe vijiko viwili.

Hapo kuna kipengele ambacho watu wa pwani tunahitaji kukielewa kuliko wenzetu. Amonia kwenye maji ina sura mbili. Moja ina chaji, inaitwa amoniamu, nayo haina ukali sana. Nyingine ni amonia tupu, na hiyo ndiyo inayopenya matamvua na kuua. Kinachoamua kila moja iwe kiasi gani ni pH, na joto kidogo. Maji yakiwa na nyuzi 28 na pH 7, sehemu kali haifiki hata moja katika mia. Kwenye pH 8 inakuwa sita au saba katika mia. Kwenye pH 9 inafika kama arobaini. Ukanda wetu umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi ni magumu, sabuni hata utoe jasho haitoi povu. Maji ya namna hiyo mara nyingi yana pH ya juu. Tuchukulie tangi langu lilikuwa na pH 8: miligramu 10 za Alhamisi zina sehemu kali ya kama 0.65 kwa lita. Perege ni mgumu, lakini akikaa muda mrefu kwenye 0.2 tayari vifo vinaweza kuanza. Huo ndio uliokuwa mtihani wa wale kumi na wawili, na watatu tu ndio waliofaulu.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, mfikirie mtu wa Ujerumani au Marekani anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wa rangi wanaosafirishwa kwa ndege kutoka huku kwetu. Ziwa lile lina pH inayokaribia 9, naye lazima awatengenezee maji kama ya kwao. Maana yake zaidi ya theluthi ya amonia yoyote itakayojitokeza kwake ni ile kali. Hana nafasi ya kukosea hata kidogo, na ndiyo maana watu hao hulitunza chujio kama mama mjamzito. Sisi tulio karibu na ziwa lenyewe tunakamua sifongo.

Lakini maji magumu nayo yana wema wake, tusiyatukane. Bakteria wanapogeuza amonia wanatoa asidi, na chokaa iliyomo ndiyo inayoizima. Kila gramu moja ya naitrojeni wanayoigeuza inakula takriban gramu 7 za nguvu hiyo ya chokaa, ukiipima kama kalisi kaboneti. Maji ya mvua hayana akiba hiyo. Shule nyingi zina simtanki la kukingia mvua, na maji yake ni matamu kwa chai, ila kwenye tangi la samaki pH inaweza kuporomoka taratibu. Ikishuka chini ya 6 bakteria karibu wanasimamisha kazi. Ajabu ni kwamba samaki wanaweza kuonekana wazima, kwa sababu kwenye asidi amonia karibu yote inakaa kwenye ile sura yake pole. Siku unayomwaga ndoo tatu za maji ya kisima kwa mkupuo ili "kuwapa maji mapya", pH inaruka juu na amonia iliyolundikana inageuka kali ndani ya dakika. Mtu anaapa kisima kimetiwa sumu.

Na hewa. Bakteria hawa wanapumua kuliko unavyodhani. Kugeuza gramu moja ya naitrojeni ya amonia mpaka kuwa naitreti kunakula zaidi ya gramu 4.5 za oksijeni. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 ni kama miligramu 9 kwa lita, kwenye 28 hazifiki 8. Kwa hiyo umeme ukikatika usiku wa joto, wanaogombania hewa ni wengi, samaki, bakteria wa chujio, na wale bakteria wengine wa kuozesha ambao huongezeka upesi na kulifanya tangi liwe jeupe kama maji ya tui. Kinachosaidia ni kuchota maji kwa kata na kuyamwaga kutoka juu, dakika chache kila baada ya muda, na kutolisha kabisa mpaka umeme urudi. Samaki mzima hafi kwa kukosa kula siku mbili. Sifongo iache ndani ya maji, usiitoe ikakauka. Kama chujio lako ni lile la kopo lililofungwa, lifungue, kwa sababu ndani humo hewa inaisha haraka, na ukiliwasha baadaye linatema uozo wote kwa samaki.

Sasa unaweza kuuliza, basi uchafu tuuache? Hapana. Hapa ndipo neno "uwiano" linapokuja, na si uwiano wa kupima kwa mizani. Kinyesi kilicholala chini ni amonia ya kesho. Kinatakiwa kutoka, lakini kitoke bila kubomoa nyumba ya wanaokishughulikia. Chukua mpira mwembamba, unyonye kama vijana wa bodaboda wanavyonyonya mafuta, uvute taka za juu ya kokoto pamoja na robo ya maji, mara moja kwa wiki. Maji uliyotoa usiyamwage. Tumbukiza sifongo kwenye ndoo hiyohiyo, ibonyeze mara mbili tatu itoe tope, kisha irudishe ikiwa bado ya kahawia. Ikiwa nyeupe umeharibu. Tope lililobaki kwenye ndoo mwagia mchicha, kwa sababu naitreti ni mbolea, na mchicha wa nyumbani kwetu unaweza kutoa ushahidi.

Maji mapya ya bomba yalaze kwenye beseni pana usiku mzima, klorini itoke. Pampu ya hewa ikipiga ndani yake inatoka upesi zaidi. Kama mamlaka ya maji ya mahali ulipo inatumia kloramini, kulaza hakutoshi, tafuta dawa ya dukani ya kuiondoa. Na usibadilishe vitu vyote wiki moja. Ukiosha kokoto, sifongo iache. Ukiongeza samaki wanne kwa mkupuo, bakteria waliozoea kinyesi cha sita hawawezi kulisha... nisamehe, hawawezi kula cha kumi siku hiyohiyo. Wanahitaji siku kadhaa kuongezeka, na siku hizo wewe punguza chakula.

Naitraiti ina ubaya wake peke yake. Inaingia kwenye damu na kuharibu uwezo wake wa kubeba oksijeni, damu inakuwa ya kahawia, na samaki anahema wakati maji yana hewa tele. Chumvi ya kawaida inasaidia kwa sababu kloridi yake inaizuia naitraiti pale mlangoni, kwenye matamvua. Kwa perege gramu moja kwa lita inatosha kabisa. Siyo tiba ya amonia lakini, watu huchanganya.

Mmeona matangi ya mapokezi kwenye baadhi ya hoteli na maofisi mjini, yanayong'aa usiku na mchana, na kila mwezi samaki ni wapya? Siku hizi nikipita hapo huwa naangalia sifongo kwanza.

Likizo iliyopita nilirudi Mwera. Kijana sasa yuko kidato cha tatu. Nilimkuta kwao, akaniamkia kama mwalimu wake, nikakaa kwenye mkeka nikamweleza yote haya, tangu amonia mpaka bomba, mbele ya mama yake. Nikamwambia kosa lilikuwa langu na adhabu ilikuwa ya kwangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilitia vijiko viwili. Wewe ndiye uliyesema viwili." Nikasema ndiyo. Mama yake akaniangalia kwa muda ambao sitausahau, halafu akaenda kuniletea chai.

Tumeunda tangi jingine, liko kwao, si shuleni. Wazo la kulianzisha ni lake. Alichukua sifongo mpya, akaifunga kamba na kuitumbukiza kwenye bwawa la jirani wiki tatu, ili bakteria wahamie wenyewe kabla ya samaki. Nilimwonya kwamba kwa njia hiyo anaweza kuokota vimelea pia, akasema vifaranga wenyewe wanatoka bwawa lilelile, na sikuwa na jibu. Nilimwachia chupa za vipimo vya matone, zile ambazo maji hubadilika rangi, nilizonunua kwa bumu na kula maharage mwezi mzima. Jioni hunitumia majibu kwa simu ya kaka yake. Juzi amonia sifuri, naitraiti bado ina rangi ya waridi. Nimemwambia asiwalishe mpaka Ijumaa. Amejibu kwamba ameshawanyima tangu jana.